Gato la Dote

Huku Kilibula, ukitaka gato, yaani keki ya sherehe, utaelekezwa kwa Nyiramahoro hata kabla hujamaliza kuuliza. Ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo harufu ya vanila naipata bure, na moshi pia naupata bure. Hana tanuri la umeme, na hata angekuwa nalo, umeme wetu mnaujua. Anaokea juu ya mbabula ya makaa: ndani ya sufuria kubwa anatandaza mchanga, juu ya mchanga anaweka mule, kile chombo cha kulipa gato umbo, yenye unga uliokorogwa, anafunika, kisha anapanga makaa mengine juu ya kifuniko.

Mule hiyo ndiyo iliyompa jina. Mdogo wake aliye ng'ambo alimtumia moja ya silikoni, laini kama sikio, yenye umbo la ng'ombe mwenye pembe ndefu. Sisi tuliiita kaushu, na tulimcheka vizuri tu. Nani anaweka mpira motoni? Tulikaa tukingoja harufu ya tairi, hatukunusa kitu. Siku ya kwanza aliinyanyua kwa ncha mbili kama anavyonyanyua ya bati, ikajikunja katikati, unga wote ukamwagikia miguu yake. Tangu hapo huilaza kwanza juu ya kifuniko cha bati ndipo amimine. Lakini faida yake tuliiona. Katika mule ya bati, pembe ndefu namna ile zingekatikia ndani. Hii unaivua tu, na ng'ombe anabaki mzima.

Nyiramahoro alishuka kutoka Bijombo akiwa na mwanawe Tuyisenge mgongoni, mwaka ule mumewe Gatete alipooa mke mwingine na kumwambia avumilie. Hakuvumilia. Magato ndiyo yaliyomsomesha Tuyisenge hadi akapata diploma. Na mama huyu alitaka jambo moja tu duniani: siku ya dote, ya kutoa mahari, mwanawe atakapoposa, akae kwenye kiti cha mama mzazi, mbele ya wakwe. Alilisema mpaka masikio yangu yakachoka. Mshanana, vazi la kujitanda siku hiyo, alikuwa ameshaununua, umekunjwa ndani ya sanduku.

Kutoka upande wa Gatete, mtu pekee aliyeendelea kumtembelea alikuwa Consolate, dada yake Gatete. Siku moja alikuja, akanywa chai, akasifu kila kitu.

"Bela, wifi yangu, uniazime ile mule ya ng'ombe," akasema. "Mutoto wa jirani iko na aniveseri ya kuzaliwa."

Nyiramahoro hakusita. Wifi ni wifi, na hapa kwetu chombo cha kuazima hakirudi kitupu: utatiliwa chumvi humo, au maharage, chochote cha kusema asante. Akamweleza kila kitu. Panya alikuwa ametafuna ncha ya pembe ya kushoto, kwa hiyo kabla ya kumimina ni lazima uzibe tundu kwa kidonge cha unga mgumu. Ndiyo maana ng'ombe wake wote walitoka na pembe ya kushoto fupi kidogo.

Jumamosi iliyofuata simu yake ililia. Nilisikia yote, maana Nyiramahoro huongea na simu kana kwamba anamwita mtu wa Bujumbura bila simu.

"Haitoki?" alipaza sauti. "Ngoja ipoe kwanza! Anzia kwa pembe, uivute pole pole, kama vile unavula mutoto soksi na iko analala."

Halafu akapiga makofi. "Imetoka yote? Ee, bela! Na hivyo vigelegele ni vya nini? Aniveseri gani hiyo ya vigelegele?" Akacheka mwenyewe hadi akakohoa.

Siku chache baadaye nilikuwa napitia picha ambazo wanakwaya wenzangu huweka kwenye simu. Nikaona gato la ng'ombe kwenye meza iliyopambwa, huko upande wa Makobola. Pembe ya kushoto fupi. Nikamwita uani kwa furaha: "Mama Tuyi, njoo uone! Ng'ombe wako ameenda kuposa!"

Akaja anacheka, akaichukua simu, akaikuza ile pembe, akaikubali kwa kichwa. Kisha akasogeza kidole kwenda picha ya pili. Tuyisenge amevaa suti. Kando yake Gatete. Na kwenye kiti cha mama, amejitanda mshanana wa kijani, mke wa Gatete.

Hakulia. Aliniambia tu, "Minye njo nilibaambia baanzie kwa pembe."

Sababu tuliisikia baadaye. Ng'ombe wa mahari ni wa baba, na Gatete alikuwa ameapa kwamba Nyiramahoro akionekana pale, hakuna ng'ombe atakayetoka zizini. Kijana akachagua ng'ombe. Akanyamaza, shangazi yake akanyamaza, ukoo mzima ukanyamaza, na aliyewafundisha kulivua gato la sherehe hiyo kwa simu ni mama mwenyewe. Mimi si mtu wa kukasirikia mambo ya nyumba za wengine, lakini hili lilinichoma.

Aliyeirudisha mule alikuwa Tuyisenge. Alinikuta kwa mama yake nikichambua maharage, na sikuondoka ng'o. Ndani ya mule kulikuwa na mfuko wa sukari.

Nyiramahoro alipoiona ile sukari uso wake ulilegea. Niliuona. Wiki zote zile hakuna aliyemwomba radhi, na sasa chombo kimerudi na kitu ndani, kama inavyotakiwa.

"Asante, mwanangu," akasema. "Kumbe ulikumbuka. Ikaa."

Tuyisenge hakukaa. "Mama, hiyo sukari ni ya gato ya mariage, ya ndoa yenyewe. Unga na mayai bitafika. Tante Consolate anasema ya mariage itakuwa ya etaje, moja juu ya ingine, yeye hataiweza."

Nilitaka kumrushia maharage yote. Mama yake aliitazama tu ile sukari.

"Na minye nitakaa wapi?" akauliza.

"Papa iko angali na kasirani, mama." Kijana alikuwa akiongea na viatu vyake. "Lakini gato yako itakuwa mbele kabisa. Batu bote bataiona."

Nyiramahoro akautoa mfuko wa sukari ndani ya mule, akamwekea mikononi, akamfunga vidole juu yake kama anayempa mtoto kitu cha kupeleka.

"Basi ambia mama yako akupikie."

Hapo kijana aliinua macho, na yalikuwa yamejaa machozi. "Mama, mama yangu njo weye."

"Kaseme vile kule," akamjibu.