Amana ya Zambarau na Ndimu ya Bi Rukia

Mniite mzushi mkitaka, nimechoka kubishana. Kusoma niliishia darasa la pili, lakini kuona naona, tena siku hizi naona kupita kiasi, na hilo ndilo linaloniudhi.

Ilikuwa saa saba mchana, hapa kwangu Muyeye, nachemsha tui nipate mafuta ya nazi. Hodi! Kijana nadhifu, ila vidole vyeusi mpaka pingili ya pili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

Akanipa kichupa cha chembe za zambarau, mfano wa chumvi ya mawe. "Niwekee amana, bibi. Ikae kavu. Ndimu usiitie. Ukiitia, utanitazama mpaka uchoke."

Nikageuka kupunguza moto. Kurudi, hayupo. Na mlango wangu ule, wallahi, hulia kama punda. Siku hiyo haukulia.

Kosa langu ni kumwambia jirani yangu, Bi Rukia. Huyu mama hata mtoto akipiga chafya, ni jini.

"Huyo si mtu, mwenzangu! Saa saba hii? Lete ndimu. Kitu cha jini kikipata ndimu hujitaja chenyewe."

"Kasema tusitie."

"Ndiyo maana tutatia! Mwizi atakwambia ufunge mlango?"

Akazimimina chembe kwenye bakuli la maji. Maji yakawa zambarau, mazuri kama leso ya arusi. Akakamua ndimu. Ile rangi ikafa, yakabaki masizi. Ikanuka kama kitunguu saumu kilichochanganywa na dawa ya kusafishia maji ya kisima, macho yakaniwaka! Sufuria yangu ya mafuta ikaingia weusi juu, nazi nilizokuna tangu alfajiri! Bi Rukia naye kutazama vidole vyake: vyeusi mpaka pingili ya pili. Akatimka, bakuli kaniachia mimi.

Mpangaji wangu ni mwalimu wa kemia, mtu wa bara. Alichungulia tu, akanivuta nje.

"Bibi, hii ni chumvi ya madini yaitwayo osmi. Ukiitia kitu kikali kama ndimu inatoa hewa ya sumu. Hewa hiyo hufanya mafuta na ngozi kuwa nyeusi, na macho huyaharibu. Nani kakupa?"

Nikamweleza. Akasema labda mtu wa maabara. Haya, maabara! Na mlango je? Na habari ya ndimu yule kijana alijuaje, kabla Rukia hajafungua kinywa? Wasomi bwana! Watakueleza moshi wote, aliyewasha moto hawamjui.

Chupa na bakuli vikapelekwa kwa wanaojua kuviharibu. Hospitali wakaniosha macho, wakasema nikiona pete kwenye taa nisihofu, zitaondoka.

Hazijaondoka. Kila taa ina pete ya rangi, na ndani ya pete kasimama yule kijana, kiganja kakinyoosha. Anataka chupa yake. Nitaitoa wapi? Nala gizani, uzee huu, nikipapasa wali. Bi Rukia yeye ati haoni mtu, analala fofofo. Kwani amana alipewa yeye?

Basi nisikilizeni. Ukiwekewa amana, iweke, hata kama mwenyewe humwelewi. Ndimu kamulia samaki.