Stendi Iliyopimwa kwenye Saruji

Nilijifunza kutengeneza baiskeli kwa kutazama video kwenye simu, peke yangu, barazani kwetu Lodwar. Mpaka leo nina woga wa mtu asiyekuwa na mwalimu: naamini kuna jambo moja ambalo mafundi wote wanalijua isipokuwa mimi. Kwa hiyo napima. Nikishapima, napima tena. Dada yangu husema kwamba mtu akiniletea nati moja ya kukaza, heri akanunue baiskeli nyingine.

Mteja wangu wa kwanza nje ya Lodwar alikuwa mama wa Sudan Kusini anayeuza mikate kambini Kakuma. Alikuwa na baiskeli ya milimani ya zamani, nzito, yenye gia nyingi ambazo chache tu zilikuwa bado zinafanya kazi. Haikuwa na stendi. Kila Jumapili aliisukuma hadi nje ya kanisa, kreti ya mikate ikiwa imefungwa kwenye keria, na kwa kuwa pale hakuna ukuta ila ua wa miiba, hakuweza kuiegemeza bila kutoboa tairi. Akiilaza chini, mbuzi wapo wanangoja. Basi aliizuia kwa nyonga, akauza kwa mkono mmoja, na wenye haraka wakaenda kununua kwingine.

"Mimi nataka mikono mbili," aliniambia.

Aliituma juu ya basi siku ya Jumatatu, nami nikaahidi kuirudisha kabla ya Jumapili. Sikuirudisha. Fremu ya zamani kama ile haina kibao cha kufungia stendi. Inabidi uibane kwenye yale mabomba mawili membamba yaliyo nyuma ya pedeli. Mara ya kwanza niliibana pamoja na waya wa gia, na gia zikakwama. Nikafungua, nikausogeza waya, nikayazungushia mabomba vipande vya tyubu kuukuu ili stendi isiteleze wala isikwaruze rangi. Nakiri kwamba rangi yenyewe ilikuwa imekwisha kubanduka zamani.

Kisha likaja suala la urefu. Stendi ilikuwa ndefu, ya kukatwa. Niliisimamisha baiskeli kwenye saruji ya baraza, nikaazima pimamaji ya jirani mwashi, nikakata kidogo, nikasugua kwa tupa, nikarudi nyuma hatua tano kuitazama, nikasugua tena. Jumapili ikapita. Simu ikalia.

"Binti, baiskeli yangu nalala huko ama nakufa?"

"Karibu iko tayari, mama. Bado kidogo tu."

"Kidogo yako ni kubwa sana."

Jumamosi iliyofuata nilipanda nayo basi hadi Kakuma. Jumapili ya pili ikimpotea, wateja wangezoea mikate ya mtu mwingine, na kosa lingekuwa langu, si la mbuzi wala la miiba.

Nilimkuta amekwisha kukanda unga wa kesho. Majirani wawili walikuwa wameketi naye, na mfugaji mmoja wa Kiturkana aliyekuja kununua mkate alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo. Nikaiweka baiskeli katikati ya uwanja, nikaachia mikono yote miwili kama wafanyavyo kwenye video. Ikasimama. Nikaanza kueleza habari za tyubu na waya. Mama hakungoja nimalize. Akanyanyua mtungi wa maji, akauweka kwenye kreti.

Stendi ikazama mchangani polepole, kama kijiko kwenye uji. Baiskeli ikalala ubavu, maji yakanijaa viatuni.

"Imechoka na safari," alisema mfugaji. Majirani wakacheka mpaka mmoja akashika ukingo wa beseni la unga.

Mimi ni mtu wa Lodwar. Nimezaliwa mchangani, kila jioni namwaga mchanga kutoka viatuni kabla ya kuingia ndani. Lakini nilipotaka kupima nilikwenda kwenye saruji, kwa sababu ndipo mahali pekee nyumbani palipo sawa, na kwa sababu watu wa kwenye video wote wana sakafu. Nilitamani basi lirudi linichukue.

"Hii iko na mguu ya mbuzi," mfugaji aliendelea, akiichokoza stendi kwa fimbo. "Wekea ya ngamia." Akanyanyua mguu wake, akatuonyesha kiatu cha tairi, kipana.

Mama akaingia ndani, akatoka na kiatu cha namna ile ile, kikuukuu, kilichofiwa na mwenzake. Nikakata kisigino chake, nikapasha msumari moto kwenye jiko, nikatoboa matundu mawili na kukifunga kwa waya chini ya stendi. Halafu woga ukanirudia.

"Mama, sasa imekuwa ndefu. Itasimama wima mno, ianguke upande wa pili. Ngoja nikate kidogo."

"Kata! Wewe nakata mpaka Krismasi. Wacha. Mchanga nakula kidogo, halafu nashiba."

Akaisimamisha baiskeli, akaujaza mtungi tena, akaurudisha kwenye kreti. Kisigino kikazama kama unene wa kidole, kikakoma. Baiskeli iliinama kuliko nilivyopenda. Nikanyoosha mkono kuirekebisha, akanipiga kofi kwenye vidole.

Nililala kwake. Kesho yake watu walipotoka kanisani, aliisimamisha baiskeli, akaiacha, akaanza kuuza: mkono mmoja unatoa mkate, mwingine unapokea pesa. Mimi sikuwa naona mikate wala watu, nilikuwa naitazama stendi. Mzee mmoja aliegemea tandiko akisubiri zamu, nikasimama mbiombio, lakini haikutikisika. Yule mfugaji alipita na mbuzi wake. "Ejok," akanisalimu, akachungulia chini ya pedeli, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyezalisha ngamia.

Kreti iliisha mapema. Nikapiga magoti kukagua waya wa kisigino, na kweli, ulikuwa umelegea kidogo.

"Nafanya nini tena huko chini?" mama akauliza.

"Nakaza, mama."

"Kaza haraka, binti. Watu wa jioni bado, mimi naenda kupika ingine."