Mto Unaoishia Kwenye Matete

Papa Alexis ni fundi cherehani. Tunashona katika kibanda kimoja hapa mtaani Diepsloot mwaka wa tisa sasa, yeye suruali, mimi magauni, na namshukuru Mungu kwa jirani huyu ambaye akikuazima mkasi anaunoa kwanza.

Mwaka huu karatasi zake za kwenda Australia kwa binti yake Arlène zilitoka. Ilibaki sahihi yake tu, kabla ya Ijumaa. Hakutia. Arlène alikuwa ameandika kwa Kizulu, nami nikamsomea baba yake, kwamba mji wao uko kando ya mto, unaitwa Lachlan, na mito Papa Alexis anaijua. Kule kwao Uvira mmoja ulishuka mlimani ghafla, ukaondoka na nyumba na mama yake Arlène, mtoto akiwa na miaka miwili. Akasema hatakwenda kulala kando ya mwingine mpaka ajue unatoka wapi na unaishia wapi.

Basi akamtumia ujumbe wa sauti: mto wenu ukoje, una nguvu? Arlène alikulia hapa. Kizulu anakimwaga, Kiswahili anaokoteza. Akajibu: "Ni laini sana, papa. Ndani kuna manyoya ya bata. Nitakununulia wa kwako."

Papa Alexis akanitazama. "Mama Jocelyne, mtoto wangu ni mzima?"

Nilicheka mpaka nikaacha mashine. Nikampigia binti mwenyewe, nikamweleza ni mto wa maji, siyo wa kulalia. Naye akacheka, kisha akaelewa baba anaogopa nini.

Kesho yake alipiga, ameshauliza watu wa huko, nami nikamfasiria mzee. Lachlan unaanzia vilimani, unaelekea magharibi kwenye nchi tambarare, unapinda na kupinda kama mtu asiye na haraka. Baharini haufiki. Unaishia kwenye kinamasi, katikati ya matete, na ni mafuriko makubwa tu yanayoufikisha kwenye mto mwingine.

Papa akauliza kama unafurika. Arlène hakumdanganya: unafurika, na maji huingia mjini. Ila huja polepole kutoka juu, redio inatangaza siku kadhaa mapema, na watu wanahama na vitu vyao.

Papa Alexis alikuwa na pini mdomoni. Akaitoa.

"Huo unapiga hodi," akasema. "Wa kwetu haukupiga."

Akaomba kalamu. Mimi, furaha na huzuni zimenichanganya, nikampa chaki ya kitambaa. Akacheka, akangoja niitafute kalamu.