Twiga wa Mwambani Hamwagiwi Maji

Flaviana Pantaleo hakuanza kwa kutaka kumfundisha mtu historia. Alitaka kuuza asali. Kijijini kwao, huko Chemba kuelekea Kwa Mtoro, kila nyumba ina asali yake, sasa umuuzie nani, nyuki? Basi akawa anapanda kilima cha nyuma ya shule, maana mtandao unashika huko juu tu. Anasimama chini ya mwamba ulioinama kama paa, anainua chupa mbele ya simu na kuisifia asali yake mpaka udenda ukutoke.

Watu wakatazama. Lakini komenti, loo! Hakuna aliyeulizia asali. "Mama, hicho nyuma yako ni nini?" "Ni twiga huyo?" "Nani kamchora?"

Flaviana alishangaa kweli. Twiga yule mwekundu alikuwa pale tangu hajazaliwa yeye, wala bibi yake, wala bibi wa bibi yake. Nani huulizia ukuta wa kwao? Ila kuulizwa halafu hujui ni aibu, naye si mtu wa kukaa na aibu. Mama yake mkubwa, Germana, akamsimulia ya wazee. Hilda, mtafiti wa mambo ya kale waliyejuana naye mtandaoni, akamweleza ya wataalamu. Flaviana akayabeba yote akayarusha laivu kila Jumamosi, na pale yalipopingana akasema wazi kwamba yanapingana. Watu wakampendea hilo. Mashuleni, maofisini kule Mtumba kwenye mji wa Serikali, hata kwa madereva wa malori, akajulikana kama Mama Twiga. Mkutano wa kijiji ukampa kazi ya kuuangalia mwamba, bila malipo, kama kawaida yetu.

Sasa sikiliza ugomvi ulipoanzia. Picha hizo zimefifia, na kila aliyechunga mbuzi kule anajua dawa yake: mwagia maji, rangi inaibuka palepale, nyekundu mbichi. Wote walifanya hivyo utotoni. Kando ya twiga palikuwa na tandala mwenye pembe za kujisokota, naye ndiye aliyemwagiwa zaidi, kwa sababu yuko chini na watoto wanamfikia. Nenda leo ukamtafute. Utakuta utandu mweupe, mgumu, kama ule wa ndani ya sufuria ya maji ya chumvi. Hilda ndiye aliyemfumbua Flaviana macho: maji huivuta chumvi iliyomo ndani ya jiwe, na yakikauka inaganda juu ya rangi. Siku hiyo Flaviana alimlilia tandala kama ndugu, jamani. Kisha akafuta machozi, akaandika juu kabisa ya ukurasa wake kwa herufi kubwa: HAPA HATUMWAGII MAJI.

Watazamaji wakanuna. "Mama mchoyo wewe." "Hatuoni kitu, mwagia hata kidogo." Akawajibu mmoja mmoja, na si kwa upole.

Ndipo akaja Ludovick, kijana wa Dodoma mjini mwenye ukurasa wa utalii na wafuasi kibao. Aliletwa na mwenyekiti wa kijiji, Leonard, kaka wa mume wa Flaviana. Leonard alikuwa akiota wageni, barabara, na nyumba ya kulala wageni yenye jina lake.

"Shemeji," alimwambia wakipanda, "leo usituharibie. Ukimuudhi huyu, mwamba tutampa mtu mwingine, anayejua kupokea wageni."

Ludovick alisalimia vizuri, shikamoo mama, tabasamu kama lote. Akawasha laivu, watazamaji wakamiminika. Akamwomba Flaviana aseme neno kwa Kisandawe, "ile ya kugonga ulimi, wadau wanaipenda." Flaviana akasema. Ludovick akacheka na kupiga makofi. Leonard peke yake ndiye aliyeelewa kijana wa watu kaitwa nini, akatazama viatu vyake.

"Sasa wadau, tazameni maajabu!" Ludovick akachomoa chupa ya maji kwenye begi, akafungua kizibo. "Mama, mmwagie wewe mwenyewe, itapendeza."

Chupa ilikuwa hiyo moja tu. Gari lilibaki bondeni, na kukipanda kilima kile si mchezo.

"Shemeji," Leonard akanong'ona, "mfanyie mgeni anavyotaka."

Flaviana akaipokea chupa. Akamtazama twiga. Kisha akaipeleka mdomoni akanywa. Akanywa yote mbele ya watazamaji wote wale, mpaka tone la mwisho, akajifuta kwa upindo wa khanga.

"Asante, mwanangu. Nilikuwa na kiu."

"Mama! Tuko laivu!"

"Najua. Nimekunywa ili waone." Akaigeukia simu. "Ninyi mnaotaka kumwona, kaeni. Jua likishuka kidogo litaingia humu lenyewe. Yeye kawangoja vizazi na vizazi, ninyi kumngoja kidogo mnakufa? Asiyeweza aende akatazame mpira."

Wengi walikwenda kweli. Watazamaji wakaporomoka, Ludovick akakaa juu ya jiwe ameshika kichwa.

"Umejimaliza, shemeji," Leonard akasema. "Kesho usipande huku."

Flaviana akainua macho. Alikuwa anatazama jua.

Likaingia. Likagusa kwato, likapanda miguu, likaifuata shingo polepole hadi kwenye masikio. Twiga hakung'aa vile maji yangemng'arisha, nisikudanganye. Lakini alisimama pale mzima, na mabaka yake yote. Ludovick akainuka na simu yake, akamwelekezea twiga. Walioondoka wakaanza kurudi, wanaitana.

Mwanga ukatambaa hadi kwenye ule weupe pembeni.

"Na hapa palikuwa na nini, mama?" Ludovick akauliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Muulize mwenyekiti. Tulichunga naye mbuzi hapa."

Simu ikamgeukia Leonard. Akausogelea ule weupe.

"Tandala," akasema mwishowe. "Pembe zake zilikuwa hivi." Akazichora hewani kwa kidole. "Tulimmwagia maji kila siku. Sisi wenyewe."

Flaviana akaokota kizibo kilichodondoka, akafunga chupa tupu na kumrudishia Ludovick.

"Kesho jua linaingia tena hapa, shemeji," akasema. "Nami nitakuwepo. Nizuie kama unaweza."

Leonard alikuwa bado anautazama ule weupe, kidole kikiwa hewani.