Meno ya Mbuzi ya Nazi

Harufu ya nazi ninayoikuna leo inanirudisha jikoni kwetu Msambweni. Siku moja utotoni nilikuwa nimemaliza kukuna, nikaiacha mbuzi wazi, nikakimbilia mchezo. Mdogo wangu akaitambalia. Mama alimdaka vidole vikiwa vimekaribia chuma.

Nilijua nitachapwa. Mama, Mola amrehemu, akasema, "Hebu tambaa na wewe, mwanangu. Tambaa kama yeye."

Nilitambaa juu ya chembe za nazi zilizomwagika, hadi yale meno ya chuma yakawa sawasawa na macho yangu. Niliikunja mbuzi mwenyewe.

Mjukuu wangu naye ameanza kutambaa. Binti yangu amenikuta sasa hivi niko chini, natambaa kuizunguka meza.

"Mama, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mwanangu."