Nilimsema Mzee wa Kitaliano kwa Kiswahili

Nimekosa, wallahi nimekosa, na sasa naiogopa hata simu yangu!

Mimi ni mkalimani hapa Maskati, Omani. Wazee wetu wametoka Unguja, kwa hiyo nyumbani ni Kiswahili, na Kitaliano nilikisomea. Wataliano walipokuja Matrah, mtaa wa bandarini hapa, kurikodi tamthilia ya televisheni, nikapewa mwigizaji mzee, nimwite Karlo. Ujana wake ulikuwa jukwaani, kisha filamu, kisha akaigiza daktari kwenye televisheni miaka mingi, hata watu wakimsimamisha njiani kumuuliza dawa. Siku hizi hakuna anayemwita. Nafasi hii ndogo ya babu ndiyo aliyoitegemea imrudishe kazini.

Akanishika mkono, analia. "Mwanangu, maneno yananipotea. Kaa nyuma ya pazia, uninong'oneze neno la kwanza. Wakijua, nimekwisha." Mwingine aliyejua ni Roza tu, msaidizi wake wa tangu zamani.

Nikakubali. Lakini mdomo wangu huu!

Nikampigia dada yangu, palepale chumba cha vipodozi. "We, mzee kasahau kila kitu! Bila mie hasemi hata neno!" Na nikacheka, Mungu anisamehe. Pembeni amekaa Khalfan, Mwomani anayeisimamia kazi kwa niaba ya kampuni ya tamthilia. Siku zote tunasema naye Kiarabu, nikadhani Kiswahili haelewi.

Nilipokata simu akasema taratibu, "Bibi, mama yangu kazaliwa Tabora. Kiswahili nnakijua."

Nikamsihi anyamaze.

"Siwezi. Mie ndo ntaulizwa."

Kesho yake Khalfan akawaambia wakubwa, na Karlo akaondolewa. Akaamini Roza ndiye aliyetoboa siri, akamfukuza mbele yetu. Roza analia, anaapa, nami nimesimama pale namwelekeza dereva ampeleke uwanja wa ndege!

Sasa Karlo yuko kwao, hana kazi, hana Roza, na ananipigia kila siku. "Umebaki wewe tu mwaminifu," ananiambia. Naogopa Khalfan atamwambia kuwa ni mimi niliyetoboa siri. Naogopa zaidi kwamba hatamwambia, nami nitaendelea hivi hivi.

Jamani, sisi wa hapa tuliozoea kuwateta watu kwa Kiswahili mbele yao, tuache! Na ukikosa, sema siku ileile, kabla woga haujakukaa. Jana Karlo kaniuliza kama ampigie Roza amtake radhi, na mimi nikamwambia asimpigie.