Vichwa Vinne Juu ya Mlango wa Kinyozi

Nilipoanza kuchora vibao vya biashara Mpanda mjini, miaka ya tisini, nilikuwa na daftari. Kila jioni, kabla ya kurudi nyumbani Kawajense, nilizunguka barabara za sokoni na kuandika: duka gani, kibao gani, rangi gani, watu wangapi wamesimama kukitazama, wangapi wameingia ndani.

Daftari lile lilinifundisha. Mwenye mashine ya kusaga alikuwa na bati lenye neno moja tu, UNGA, herufi nyeusi juu ya nyeupe, kila herufi ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ulilisoma ukiwa bado upande wa pili wa reli. Hatua chache kutoka pale, mwenye duka la vitambaa alikuwa ameandikisha aina zote za vitambaa, salamu kwa wateja wapya, shukrani kwa wateja wa zamani, aya ya Biblia, na ua kila pembe. Watu walisimama, wakasoma robo, wakaendelea na safari yao. Nikaandika: "Mteja anapita. Hana muda wa kusoma." Siku hizi wenye biashara ndogo wanatengenezewa tovuti, wananionyesha kwenye simu, na mara nyingi naliona duka lile lile la vitambaa: kila kitu kimesemwa, na mlango hauonekani.

Jambo moja halikuwemo kwenye daftari, kwa sababu sikulijua. Wapo wapita njia wengi wasiosoma hata neno moja. Hao wanasoma picha tu, na wakishaisoma wanaieleza wao kwa wao.

Kinyozi alinijia mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mtu wa makazi ya Katumba, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, na alikaa mjini kwa kibali kilichoandikwa na ofisi ya makazi. Alikitunza kibali hicho ndani ya mfuko wa nailoni, mfukoni mwa shati, na alikuwa na tabia ya kukigusa kila mtu mgeni alipoingia. Aliniambia wazi kwamba vurugu yoyote ikitajwa pamoja na yeye, kibali kitafutwa na atarudishwa kulima tumbaku ya baba yake. Alikuwa amepanga kibanda kimoja cha matofali mabichi, chenye kiti na kioo. Sasa alitaka kibao.

"Fundi, andika yote," alisema.

"Yote yapi?"

"Kunyoa, kupunguza, ndevu, watoto, wazee, wembe mpya kwa kila mtu, maji ya moto. Na vichwa vinne, kila kimoja na mtindo wake."

"Vichwa vinne ni vingi, kaka."

"Kinyozi asiye na vichwa ni kinyozi gani? Chora bwana."

Daftari langu lilikuwa na jibu, lakini sikumpa. Hakuna mteja aliyewahi kuniruhusu kuchora watu, na nilitaka sana kuchora watu.

Nilichora vichwa vinne kwa mstari mmoja juu ya rangi nyeupe. Nyuso nilizipatia. Mabega yalinishinda, kwa hiyo kila kichwa nilikikata shingoni kwa mstari ulionyooka. Rangi ya kahawia ikachuruzika chini ya mstari. Ili kuficha michirizi nikapitisha utepe mwekundu chini ya kila shingo, kwa kuwa nyekundu ndiyo pekee iliyobaki. Makopo mengine nilikuwa nayangoja kwa treni. Pembeni nikachora wembe uliofunguliwa, mkubwa kuliko kichwa chochote. Maneno aliyoyataka kinyozi niliyabana chini kabisa, madogo, kama maelezo ya dawa kwenye chupa.

Tulikipigilia juu ya mlango. Alifurahi, nami nilifurahi.

Sasa nieleze kuhusu nywele. Kwetu mtu aliyenyolewa haachi nywele zake zizagae, maana anaogopa zikiokotwa na mtu mbaya zitatumika kumdhuru. Wateja wa kinyozi walimsisitiza hilo kabla hata ya kukaa kitini. Yeye, kwa adabu yake, alizifagia zote, akazitia kwenye gunia, na kila saa kumi jioni alilifunga gunia nyuma ya baiskeli, akaenda nalo nje ya mji, upande wa Magamba, akazichoma na kufukia majivu. Hakuna aliyemwona akizichoma. Kila mtu alimwona akiondoka na gunia.

Na wiki zile mji ulikuwa umeingiliwa na maneno ya chinjachinja, watu wanaosemekana kukamata wenzao na kuwatoa damu ya kuuza. Ilisemwa wameshuka na treni. Watoto walikatazwa kwenda kisimani peke yao. Hata mimi, mwenye daftari na akili zangu, nilianza kutembea katikati ya barabara.

Asubuhi moja nilikuwa nakunywa chai kwa mama mmoja karibu na stesheni. Mbele yangu alikaa mpakia mizigo, nywele zimemjaa hadi masikioni.

"Shemeji," mama chai akamwambia, "hicho kichwa kimekuwa kichaka. Unangoja nini?"

"Nangoja nizikwe nacho. Mimi kule siendi."

"Kule wapi?"

"Kwa yule wa vichwa. Huoni amevipanga mlangoni? Vinne, damu inatoka, na kisu pembeni. Halafu jioni anatoka na gunia."

"Gunia la nini?"

"Nenda kamwulize wewe. Ukirudi utanisimulia."

Walicheka, lakini kicheko kilikatika mapema. Chai yangu sikuimaliza. Nilipita mbele ya kibanda nikakitazama kibao changu kama mtu asiyejua kusoma. Maneno hayakuwepo. Palikuwa na wembe, vichwa vilivyokatwa, na wekundu.

Nilipaswa kukishusha pale pale. Sikukishusha. Niliwaza kwamba nikionekana nakishusha, wataniuliza nilikichora kwa nini. Nilikaa siku mbili na hofu hiyo, na kila nilipopita niliona kiti kitupu na kinyozi amesimama mlangoni, mkono mfukoni mwa shati.

Siku ya tatu nilikwenda kumwonya. Nilikuta ameshaondoka na baiskeli. Nilimfuata kwa miguu, na kabla ya nyumba za mwisho nikaona watu. Walikuwa kama ishirini, wengi na fimbo. Baiskeli ilikuwa imelazwa chini. Kinyozi alikuwa amepiga magoti bila kuambiwa, kibali amekinyanyua juu kwa mikono miwili, na hakuna aliyekitazama.

"Fungua gunia!"

Yule mpakia mizigo akalikata kamba. Nywele zikamwagika barabarani, nyeusi na nyingine za mvi, rundo zima. Nilidhani ndiyo mwisho wa mambo. Kumbe ilikuwa mbaya zaidi.

"Za nani hizi? Watu wote hawa wako wapi?"

Fimbo moja ikapanda. Nilitaka kusema, nikabaki nyuma ya migongo ya watu. Balozi wetu wa nyumba kumi, mama muuza mchele aliyetoka Mpimbwe, alifika akihema, kanga imemteremka begani.

"Nyie, shusheni fimbo. Nani kanyolewa kwa huyu?"

Fimbo hazikushuka.

"Nauliza, nani?"

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Balozi akamwendea jamaa mmoja wa mbele, fimbo mkononi, akamvua kofia. Kichwa kilikuwa kinang'aa.

"Na hiki kanyoa nani? Mkeo?"

Watu wawili watatu wakacheka. Jamaa akaangalia chini. "Kanyoa yeye. Mimi nilimwambia nywele zangu asiziache pale."

"Mimi pia nilimwambia," mwingine akasema nyuma.

"Na mimi. Wanangu watatu."

Fimbo zikaanza kushuka. Lakini mpakia mizigo hakuridhika. "Sawa, nywele ni zenu. Na damu ya kwenye kibao?"

Nikajipenyeza mbele. "Ni rangi. Nilichora mimi. Shingo zilinishinda."

Balozi akanigeukia. "Kijana, ulitaka kuua mtu kwa kutojua kuchora mabega?"

Akaagiza kibao kishuke kabla jua halijazama, akasema yeye hana la kupeleka ofisi ya makazi, watu watawanyike. Wakatawanyika polepole, wakigeuka nyuma.

Nilidhani kinyozi angefunga virago. Alisimama kibandani, akaniambia, "Chora kingine. Leo hii."

"Pumzika kwanza, kaka. Kesho."

"Kesho wakikuta mlango mtupu watasema nimekimbia. Mwenye kosa ndiye anayekimbia. Chora."

Nikashusha kibao, nikageuza ubao upande wa pili. Niliandika KINYOZI, neno moja, jeusi, kwa upana wa ubao wote. Chini yake kitana na mkasi. Nilipotaka kuacha nafasi iliyobaki ikiwa nyeupe, alikataa. Alitaka mtu mmoja.

"Mkalishe kitini. Mtie mabega. Mtie miguu, na viatu."

"Miguu ya nini kwa kinyozi?"

"Waone anaweza kusimama akaondoka."

Nilichora hadi giza lilipoingia, na viatu vikatoka kimoja kikubwa kuliko kingine. Akasema vinatosha.

Asubuhi tulikaa naye ndani, kwa kuwa sikuweza kumwacha peke yake. Watu walipita. Walitazama juu, wakatazama ndani, wakapita. Kila vivuli vya watu wawili vilipogusa kizingiti pamoja nilishika kiti, nikidhani wamerudi na fimbo. Ilikuwa karibu saa tano alipotokea mpakia mizigo mwenyewe. Alisimama nje, akamkagua mtu wa kwenye kibao kuanzia kichwani hadi viatuni. Hatimaye akaingia.

"Nywele tu," alisema.

Kinyozi akamfunga kitambaa. Mkasi ulianza kwa kusitasita, kisha ukashika mwendo. Kichwa kilipokwisha, kinyozi akachukua wembe mpya, akaufungua mbele ya macho ya mteja karatasi kwa karatasi, na akamwomba kwa upole alaze kichwa nyuma amtengeneze ndevu.

Mpakia mizigo aliutazama wembe, akanitazama mimi, akautazama mlango. Akafunika koo kwa kiganja.

"Ndevu nitamalizia nyumbani," akasema, akaondoka kichwa kimependeza na kidevu kimejaa msitu. Kabla ya adhuhuri walikuja wengine wawili, nao hawakulaza vichwa.